Ziwa Linataka Kuagwa

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, umri ule unapewa kifuu ukalete kaa na ukifika nyumbani limeshazimika kwa sababu ulisimama njiani kutazama panzi, nilikuwa nakaa Tingi kwa bibi yangu mzaa mama. Mama mwenyewe alikuwa Kikole, kwa baba. Watu wa sasa wakisikia hivyo wanadhani palikuwa na ugomvi. Hapakuwa na ugomvi wowote. Mimi nilihamishwa kwa ajili ya kuachishwa ziwa.

Zamani mtoto akikomaa hataki kuacha, mama anapaka shubiri. Nasikia nililamba ile shubiri mpaka ikaisha, kisha nikaendelea na shughuli yangu. Akapaka pilipili. Nikalia, nikachukua ncha ya kanga nikafuta, nikanyonya huku nalia. Basi bibi akaitwa kutoka Tingi. Bibi yangu, Biti Selemani, alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, hana maneno mengi. Akanitazama, akasema huyu dawa yake ni umbali. Akangoja nilale, akanifunga mgongoni, akaondoka. Nilipofumbua macho nipo Tingi na nimeshikishwa kipande cha muwa. Ilikuwa nikae mpaka nisahau. Nilisahau, lakini na bibi naye alishanizoea, mwaka ukaenda, mwingine ukaja, na mama hakupata mtoto mwingine nyuma yangu. Mimi ndiye kitindamimba wake.

Sasa kwenye kule kubebwa nimelala ndiko kisa hiki kilikoanzia.

Watu wa kwa baba walikuwa na imani yao. Kwao mtoto haondoki ziwani kimyakimya kama mwizi. Siku ya kuachishwa anawekwa mkono pale kifuani kwa mama yake, akijua kusema asijue, anasemewa: nimeshiba, nashukuru, kapumzike. Ziwa likishaagwa linalala. Lisipoagwa linabaki linamngoja mwenyewe, na maziwa yanayongoja, walisema, hayakauki wala hayamwagiki, yanajifunga fundo. Mimi sikuaga. Nani angeaga naye anakoroma mgongoni kwa bibi yake?

Mwaka mmoja, kipindi kile kibaya ambapo mahindi bado ni majani na ghala limebaki vumbi, alishuka mtu kwenye lori la chumvi akaja mpaka kwetu Tingi. Alikuwa ametumwa na shangazi yangu Zuhura, dada yake baba. Salamu zilikuwa fupi: Mwanahawa, ndiye mama yangu, anaumwa ziwa, kuna uvimbe ndani, mleteni mtoto aje aage. Bibi hakuuliza kitu. Aliweka kanga zake mbili kwenye kikapu na sisi tukapanda lori lilelile lilipogeuza.

Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka barazani, mkono wa kushoto ameuweka mbali na ubavu, kama mtu aliyebeba kuku kwapani na kuku mwenyewe hayupo. Alinikumbatia upande mmoja. Mpaka leo nikifumba macho naupata ule ukumbatio wa nusu. Nilitaka kujitupa mzimamzima, akanizuia kwa kiganja, akacheka ili nisiogope. Akasema, "Njoo huku upande wa wazima."

Alikuwa hawezi kutwanga. Ndoo alikuwa anatua kwa kusaidiwa. Jembe alishika kwa mkono mmoja, na usiku akigeuka vibaya anaamka. Hata kanga ikimgusa, alisema, ni kama imefumwa kwa miiba. Na pale ndani palikuwa na kitu mviringo, laini, kinateleza ukikigusa kama kokwa ya zambarau kwenye maji. Kila mwanamke aliyepita kutoa pole aliomba akiguse, na kila aliyekigusa aliondoka na jina lake. Mmoja akasema tambazi, ule uvimbe unaotambaa mwilini. Mwingine akasema jicho la mtu, tena akataja mpaka nyumba. Shangazi Zuhura akawasikiliza wote, akawaambia msihangaike, ugonjwa huu mimi mwenyewe ninalo jina lake, na jina lake linakaa Tingi.

Nikutajieni na shangazi mwenyewe, maana bila yeye kisa hakina chumvi. Alikuwa mrefu, sauti yake unaisikia kabla hujamwona, na moyo wake mzuri tu ila ulikuwa unatangulia mbele ya akili. Alimpenda mama yangu kweli, alikuwa anamfulia na kumpikia siku zote zile. Lakini hakumsamehe bibi kwa kuniiba nimelala. Na kwa kuwa bibi ni mama mkwe wa kaka yake, hawezi kumtolea maneno ya uso kwa uso, alikuwa anamtolea kuku. Palikuwa na kuku tembe mmoja mwekundu pale uani. Shangazi anamrushia pumba huku anamwambia, "We kuku nawe, umezoea kuchukua vifaranga vya watu vimelala. Sasa ona, uani hakukaliki." Kuku anadonoa. Bibi naye yuko mekoni, anaitazama sufuria, anaiambia polepole, "Chemka, mwanangu, chemka. Wewe ndani una maji tu, acha upige kelele." Mama amekaa katikati yao, anabana mdomo asicheke kwa sababu akicheka ziwa linamuuma.

Lakini chini ya utani ule palikuwa na jambo la kutisha, na mimi nililijua siku ileile ya kwanza. Baba alikuwa ameshazungumza na fundi wa chanjo. Huyo fundi alikuwa mzee anayetembea na wembe kwenye kikebe, kazi yake kuchanja panapovimba ili ubaya utoke na damu. Alimchanja mwanamke mmoja goti, tukawa tunamwona anakwenda kisimani na fimbo, na lile goti unalinusa kabla hujalifikia. Maneno yalikuwa haya: mtoto aage kwanza. Ziwa likikubali, alhamdulillahi. Likikataa, fundi aje na wembe wake. Mama alikubali kwa kichwa tu. Nikaona mkono wake mzima umelifuata lile ziwa, umelifunika.

Kwa hiyo mtoto yule unayemwona, mwenye kamasi na ushanga kiunoni, ndiye aliyewekwa katikati ya mama yake na wembe.

Bibi hakusema imani ile ni kweli wala si kweli. Alimvuta mama pembeni akamuuliza maneno ya kike, linauma lini zaidi, linapungua lini. Wakahesabu kwa vidole. Kisha akachuma majani ya mbarika, akayapasha motoni, akamwekea mama, na kanga yake kuukuu iliyolainika akaikunja akamfunga kifuani, ikapita mgongoni, ikaja begani, lile ziwa likawa limebebwa haliningʼinii. Mama akashusha pumzi. Akasema hapo sasa naweza hata kuinuka.

Bibi akawaambia wote, baba akiwepo: "Litapungua hili. Halafu litarudi. Likirudi msije mkanisuta."

Shangazi akamgeukia kuku. "Umesikia? Mwenzio anamwombea mwanawe dua."

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda, nikaamshwa. Nikanawishwa uso. Sijatia kitu mdomoni. Mama amekaa, kanga imefunguliwa upande, shangazi ameuchukua mkono wangu ameuweka pale. Palikuwa pa moto kidogo. Nikafundishwa maneno: nimeshiba, nashukuru, kapumzike. Rahisi kwa mtoto wa mdomo kama mimi. Nikafungua kinywa, neno la kwanza likakataa kutoka.

Jamani, mimi nilikuwa na njaa. Usiku ule tulikuwa tumekula mingʼoko, ile mizizi ya porini, kwa chumvi. Ndicho kilikuwa chakula cha kijiji kizima wakati ule. Mingʼoko ni mitamu, sikatai, lakini inakaa tumboni kama mgeni wa kupita. Na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani Tingi, pamoja na fimbo yake, alitufundisha kwamba uongo unaosemwa juu ya mgonjwa unakwenda kumlalia mgonjwa. Sasa mimi nimeweka mkono juu ya ugonjwa wenyewe, natakiwa nimwambie nimeshiba.

Nikasema, "Sijashiba."

Shangazi akaniambia sema tu mwanangu, ndivyo inavyosemwa. Nikamwambia ni uongo. Akasema si uongo, ni dawa. Nikamuuliza kama dawa ikiwa ya uongo itaponya. Hapo nikawa nimemkamata shangazi pabaya. Maana imani ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyeieneza kijiji kizima kwamba neno la mtoto ndilo linalofungua fundo. Sasa neno likiwa bovu? Fundo si litakaza? Akanitazama, akamtazama mama, akatazama juu darini. Bibi yeye alikuwa ameugeukia ukuta. Nikadhani analia, kumbe ni mabega yanacheka.

Ikabidi nishibishwe.

Ukaletwa uji wa mtama. Nikanywa, nikaulizwa. Nikasema umeshuka lakini haujafika. Ukaletwa muhogo wa kuchemsha, shangazi aliuchimba mwenyewe ukiwa bado mdogo kama kidole gumba, inauma kuuchimba muhogo wa namna ile. Nikala. Nikaulizwa, nikasema nimeshiba kidogo. Baba aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza kama kidogo haitoshi. Shangazi akamjibu kwa uchungu kwamba ukimuaga mtu kidogo, atakwenda kidogo. Nami msinione mlafi. Nilikuwa nalisikiliza tumbo langu kama mtu anavyotega sikio kisimani baada ya kutupa jiwe. Kila nikisikiliza, chini kabisa bado kulikuwa kunaitika.

Jioni shangazi akachutama mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuuliza mtu mzima mwenziwe, "Somoe, mama, nini kitakushibisha wewe?"

Nikamwambia, "Kuku."

Uani palikuwa na kuku mmoja tu, mnamjua. Shangazi alimkamata yule tembe mwekundu, msiri wake wa mafumbo yote, akamkabidhi baba amchinje, akageuka upande asione. Akaenda kuomba kibaba cha mchele kwa jirani, na katika njaa ile jirani akampa, maana habari ilishafika kwamba mtoto wa Mwanahawa hajashiba. Bibi akakuna nazi. Ule mchuzi, hata leo nimeshakula vya harusi vingapi, sijaonja mwingine wa kuushinda. Nilikaa mbele ya sinia, watu wazima wamenizunguka wananitazama kinywani kama wanamtazama mchezaji ngoma. Nikala paja. Nikala wali. Nikaona mama hali. Nikachukua firigisi, ambayo kwa kawaida ni ya baba, nikamtia mama mdomoni kabla mtu hajasema kitu. Baba akatazama pembeni.

Halafu likatokea. Nilisikiliza tumbo, nikasikia kimya. Hakuna anayeitika. Nikasema sasa. Shangazi akasema hapohapo, kabla hakijashuka. Nikaupangusa mkono kwa kanga, nikauweka pale, nikasema kwa raha ya moyo wangu, nimeshiba, nashukuru, kapumzike. Na mimi mwenyewe nikalala palepale, kichwa kwenye ule upande wa wazima wa mama, nikiwa sijawahi kulalia pale tangu nilipobebwa.

Hazikupita siku nyingi uvimbe ukaanza kunywea. Maumivu yakapoa. Mama akashika mchi. Shangazi alipiga kigelegele kilichofika kwenye mashamba ya ufuta ngʼambo ya bonde, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza wanawake jinsi fundo lilivyofunguka. Nikawa mtu mkubwa. Wanawake wakinikuta njiani wananiuliza hali ya tumbo langu. Bibi yeye alikuwa anaendelea kuifua ile kanga yake kuukuu na kuianika, haiweki mbali.

Mwezi ukaenda mpaka ukakaribia kuzunguka. Asubuhi moja nikamwona mama anatoka ndani, mkono wake umekaa mbali na ubavu.

Kisha macho yote yakanigeukia mimi. Shangazi akaniuliza, si kwa hasira, kwa huzuni, na ile huzuni ndiyo iliyonichoma: "Somoe. Ulikuwa umeshiba kweli?"

Nikaapa. Wallahi nilishiba, hata kupumua kulikuwa kwa kuazima. Kisimani watoto wakaanza kuniita mla kuku bure. Baba akavaa kanzu yake akaenda kwa fundi, akarudi akasema baada ya Ijumaa atakuja. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye gogo ninalia, najiuliza kama kweli palibaki pembe ya tumbo ambayo sikuisikiliza, kama mama atachanjwa kwa sababu ya tonge moja nililoliacha kwenye sinia.

Mama akanifuata. Akakaa kwa shida. Akanambia, "Mimi nakuamini. Ulilala kifuani kwangu siku ile. Tumbo lako lilikuwa gumu kama ngoma iliyowambwa."

Nimeambiwa mengi katika maisha yangu, na mume wangu Mungu amrehemu alikuwa fundi wa maneno matamu. Ila hilo la mama juu ya tumbo langu ndilo ninalolitunza.

Tukarudi uani tumeshikana mikono, na hapo ndipo bibi akazungumza. Akamwambia baba kwamba alisema litapungua na litarudi, na sababu anayo. Linavimba siku za mama za mwezi zikikaribia, zikishapita linanywea. Mwezi huu hivyo, uliopita hivyo, na uliotangulia. Yeye mwenyewe alikuwa na uvimbe kama huo ujanani, akiufunga kanga mpaka siku zipite. Lakini wa kwake haukuwahi kuwa mkubwa namna hii, na yeye hana macho ya kuona ndani ya nyama, wala fundi hana. Akamalizia, "Mkwe, nipe mwanangu nimpeleke hospitali. Wembe utatungojea hapa, hauozi."

Baba akatazama chini, akachora chora kwa kidole cha mguu. Nadhani alikuwa anangoja mtu amwambie hivyo. Akasema nendeni.

Shangazi akakubali kwa masharti. Na yeye aende, na mtoto aende, ili kama huko itaonekana ni maziwa, niage upya palepale, mbele ya daktari. Na safari hii hakutaka kukamatwa na njaa yangu. Alifunga kikapu cha mihogo ya kuchoma na kunde za kuchemsha, na njia nzima, kwa mguu na kwenye lori, ananilisha. Nikifumba mdomo anautafuta. "Kula, mama, hujui utaitwa saa ngapi." Nilifika hospitali ile nimejaa mpaka siwezi kuinama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe sikuwa nacho.

Daktari alikuwa kijana mwembamba wa bara, mpole, anaongea Kiswahili cha kukanyaga herufi. Shangazi alimpa historia yote tangu shubiri. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, Mungu amjalie popote alipo. Akampapasa mama polepole, ziwa lote na kwapani, hadi na lile zima. Akaona alama ya weusi kwenye ngozi, akauliza. Bibi akasema ni jani langu. Akamwambia joto ni zuri, bibi, lakini hili lilikuwa moto, limemuunguza, siku nyingine tumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu ukijaribie kwanza mkononi mwako. Bibi akasema nimesikia. Alisikia kweli, maana sikumwona tena na jani la mbarika.

Kisha akachukua sindano. Shangazi akaushika mkono wa mama, sijui nani alikuwa anambana mwenziwe zaidi. Mimi niliambiwa nikae nje. Nilikaa nje, lakini pazia lilikuwa fupi na mimi nilikuwa mfupi zaidi. Nikaona sindano inaingia, mama anafumba macho, halafu kile kichupa cha sindano kinajaa polepole. Kilichojaa kilikuwa maji. Maji ya rangi ya ukwaju uliolowekwa muda mfupi, yanapenyeka mwanga. Na lile fundo likazama mbele ya macho yetu, kama kibofu kilichotobolewa.

Shangazi akauliza, "Na maziwa yake?"

"Humu hamna maziwa, mama. Ni kifuko cha maji tu. Wanawake wengi wanavyo."

Nikaingia chini ya pazia. Sikuweza kungoja. Nikamwambia, "Si maziwa, shangazi. Mimi nilishiba."

Shangazi akakitazama kile kichupa. Kisha akatia mkono kwenye kikapu, akatoa kipande cha mwisho cha muhogo, akaniwekea mkononi. "Basi kula," akasema. "Kula hata kama umeshiba."

Daktari akatueleza kwa utaratibu. Kile si donda baya. Kinaweza kurudi, na kikirudi kikiuma arudi kitolewe tena. Siku zake zikikaribia ajifunge vizuri, hata akilala, ila asikaze mpaka pumzi ipate tabu, na hapo akaishika kanga ya bibi akasema hivi hivi inafaa. Kitambaa cha uvuguvugu, au cha baridi kama baridi ndiyo inayomridhisha. Vidonge vya maumivu vikizidi. Akamuuliza kama anakunywa kahawa. Mama akainamisha kichwa kama aliyeulizwa habari za mume wa pili, maana mama na kahawa walikuwa ndugu. Akamwambia ajaribu kupunguza, wako wanaopata nafuu, wako wasioona tofauti. Lakini jambo moja alilirudia mara mbili. Uvimbe wowote mpya, mgumu au laini, uje huku uonwe. Vidole vya majirani havina taa.

Mama alipunguza kahawa. Alisema maumivu ya kuikosa kahawa yaliyashinda ya ziwa, na shangazi kwa kumwonea huruma akawa anamnywea fungu lake. Kanga aliifunga kila mwezi, na siku hizo shangazi hamruhusu kugusa mchi. Kile kifuko kilirudi mara kadhaa, kikatolewa, kisha alipokuwa mtu mzima siku zake zikakatika, kikamwacha. Alikufa mzee sana, kwa uzee, maziwa yake yote mawili yakiwa mazima.

Mimi sikurudi Tingi. Haikukalishwa shauri, ila tu siku bibi alipofunga kikapu chake, kanga ilikuwa moja. Ile kuukuu aliiacha kifuani kwa mama. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Akanambia, "Safari hii uko macho. Niage." Nikamuaga vizuri, nikalia vizuri, akapanda lori.

Basi mwaka huu, mavuno ya korosho yalipoanza, akaja mjukuu wangu Rehema kutoka Lindi mjini na mwanawe Salma. Nikamwona anashuka kwenye bodaboda, mkono wake wa kulia umekaa mbali na ubavu. Wallahi nilimjua kabla hajanipa shikamoo. Nikamwambia marahaba, na ziwa linakuuma tangu lini? Akashtuka akaniuliza nimeambiwa na nani. Alikuwa amekaa na hofu yake muda, anaificha, anatazama kwenye simu mambo ya kutisha usiku. Nikamwambia zima hiyo simu, kesho hospitali. Nikaenda naye. Siku hizi wanakupaka kitu cha baridi kama utelezi wa bamia, wanapitisha kidude, ndani kunaonekana kwenye kioo. Vifuko vya maji, akaambiwa, viwili vitatu, vidogo. Sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha uvuguvugu, vidonge, arudi waangalie tena. Alitoka pale anacheka peke yake, kutembea kwake kumebadilika.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza Rehema jinsi Salma alivyoachishwa ziwa. Akasema, "Nilisafiri, bibi. Nikamwacha kwa mama mkwe amelala."

Nikachinja kuku.

Rehema alinisema, bibi nawe, si tumeambiwa ni maji. Nikamwambia najua ni maji, niliyaona mimi mwenyewe chini ya pazia kabla mama yako hajazaliwa. Maziwa hayamkumbuki mtu. Lakini mimi nimekaa nikafikiri miaka yote hii, nikaona kwamba katika mwaka wa njaa watu wazima walinizunguka wakanilisha mpaka nikashiba, wakiamini kwamba mama hawezi kupona na mtoto wake ana njaa. Waliyakosea maji. Kwenye hilo jingine, mimi sijapata wa kuwakosoa.

Nikamkalisha Salma mbele ya sinia. Akala paja, akala wali, mchuzi ukamfika viwikoni. Mama yake amekaa pembeni, kanga yangu imemshika kifuani, anatutazama. Nikamuuliza Salma, "Umeshiba, mama?"

Akatulia. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Bado, bibi."

Nikageukia ukuta, mabega yanacheka.